Sura ya Sita: Mwenye Dhamana ya Dawa

Mangapwani ni kijiji cha wavuvi na wakulima katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Unguja, kilomita 20 na ushei kutoka Mji Mkongwe, na wageni wanaokijia kwa njia ya Bububu aghalabu huvutwa na mambo mawili tu: pango la matumbawe lenye maji matamu, na chumba kilichochimbwa katika mwamba karibu na bahari, ambamo inasemekana watumwa walifichwa baada ya Sayyid Barghash bin Said kutia saini, mwezi wa Juni 1873, mkataba wa kukomesha biashara yao ya baharini na kufunga soko la Mkunazini. Aliyemkalia Sultani mpaka mkataba ule ukatiwa saini alikuwa balozi wa Kiingereza, John Kirk, na ni wachache wanaoshuka ngazi za chumba kile wakijua kwamba Kirk huyo aliletwa Unguja mwaka 1866 kwa kazi ya utabibu, na kwamba kabla ya hapo, aliposafiri na David Livingstone katika mto Zambezi, alikutana na sumu ya mishale iitwayo kombe. Husimuliwa kwamba mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu ile, na alipoutumia alionja uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake, ambayo siku hizo yalikuwa yakienda mbio kwa homa, yakatulia. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh akauchunguza mmea ule, na katika kile kilichokuwa kikiangusha wanyama porini ikapatikana dawa ya moyo ambayo matabibu waliitumia kwa miaka mingi.

Naianza sura hii kwa habari ya kombe kwa kuwa ndani yake imekusanyika maana yote ya elimu ya dawa: kitu kile kile kwa kipimo hiki ni mauti na kwa kipimo kile ni uzima, na baina ya vipimo viwili hivyo hapana budi asimame mtu anayejua tofauti yake na aliye tayari kuisema. Mtu huyo ndiye mfamasia, na pamoja naye ni fundi sanifu wa dawa na mtoa dawa wanaofanya kazi chini ya elimu yake.

Katika nchi zetu mtu huyu amewekwa mahali pasipomfaa. Daktari ana meza na kiti cha mgonjwa mbele yake. Muuguzi ana wodi. Mkunga ana chumba chake. Mtu wa dawa amepewa dirisha dogo lenye nondo, ambamo cheti huingia na vidonge hutoka, na baina ya kuingia kwa kile na kutoka kwa hivi hapapiti dakika moja wala maneno kumi. Foleni ni ndefu, jua ni kali, mtoto analia mgongoni, na mgonjwa ambaye tangu alfajiri amepita katika mikono ya watu wanne au watano anamfikia mtu wa mwisho, ambaye ndiye anayepaswa kumweleza kazi anayokwenda kuifanya peke yake nyumbani pasipo daktari wala muuguzi, na mtu huyo anamwambia, "Kutwa mara tatu," basi, kisha anamwita mwengine. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwa miaka mingi kwamba zaidi ya nusu ya dawa zote huandikwa, hutolewa au huuzwa isivyopasa, na kwamba nusu ya wagonjwa hawazitumii kama walivyoelekezwa. Anayeyasoma makadirio hayo akiwa Geneva huona hesabu. Anayeyasoma akiwa amesimama katika foleni ya kituo cha afya cha shamba huona sababu yake kwa macho, kwani maelekezo yenyewe hayakutolewa. Dai langu ni hili: taifa maskini linalomnyima mtu wa dawa nafasi ya kusema na mgonjwa huwa linanunua dawa kwa fedha nyingi na kuzimwaga katika hatua ya mwisho kabisa ya safari yake.

Cheo chenye heshima cha mtu huyu si jambo geni lililoletwa na Wazungu. Katika Baghdad ya Bani Abbas maduka ya dawa yalikuwa na watu wake mahsusi waliotambulikana mbali na matabibu, na muhtasib wa soko alikuwa na mamlaka ya kukagua mizani zao na usafi wa vitu vyao, akimkuta mdanganyifu akamwadhibu. Abu Rayhan al-Biruni, mmoja wa wanazuoni wakubwa waliopata kuishi, alitumia miaka ya mwisho ya umri wake katika karne ya 11 kuandika kitabu kizima juu ya elimu hii, akitaja dawa moja moja, majina yake katika lugha mbalimbali na namna ya kuitambua iliyo safi na iliyochanganywa. Karne ya 13 Ulaya nayo, kwa amri ya mfalme Frederick wa Pili aliyetawala Sicily, ikatenganisha kisheria kazi ya mwenye kuandika dawa na kazi ya mwenye kuichanganya, kusudi mmoja awe jicho juu ya mwenzake. Hekima ya utengano ule haijachakaa. Daktari ni binadamu, huchoka, husahau, huandika herufi zisizosomeka, huongeza sifuri moja; na mgonjwa hana kinga nyingine dhidi ya sifuri hiyo isipokuwa mtu wa pili mwenye elimu na mwenye haki ya kukirudisha cheti.

Unguja tunalo jengo linaloonyesha jinsi wazee wa karne ya 19 walivyoithamini dhamana hii. Anayepita barabara ya Mizingani, ukingoni mwa bahari, hawezi kukosa kuiona Dispensari ya Kale, ile nyumba ya roshani za mbao zilizonakshiwa na vioo vya rangi, iliyoanzishwa na tajiri wa Kihindi Tharia Topan mwaka 1887 kwa nia ya kuwa hospitali, ikamalizika mwaka 1894 mwenyewe akiwa ameshafariki. Ilipokwisha kupata wenyewe wengine ikawa dispensari ya sadaka, dawa zikitolewa chini na daktari akiishi ghorofani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo likachakaa, hadi Aga Khan Trust for Culture ilipolitengeneza katika miaka ya 1990, nalo sasa ni fahari ya mji kwa sura yake. Sina ugomvi na matengenezo yale, bali huhuzunika kila ninapoona kwamba uzuri wa nyumba umehifadhiwa na kazi iliyofanywa ndani yake haina mtu wa kuitaja.

Lakini ushahidi mkubwa kupita jengo lolote, ambao Wazanzibari wenyewe hatuusemi kwa namna inayostahili, ni habari ya malaria. Kampeni ya kwanza, iliyoanza mwaka 1958 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na kutegemea zaidi kupiga dawa ya mbu majumbani, iliyapunguza maradhi mno, kisha ikaachwa mwaka 1968, na maradhi yakarudi kama mdai. Kwa miongo iliyofuata tegemeo likawa klorokwini, kidonge kichungu ambacho kila mtu mzima wa visiwa hivi anakikumbuka kwa muwasho wake: mwili mzima ukiwasha usiku kucha, ngozi isionyeshe alama, na mgonjwa akiapa kwamba afadhali homa. Wengi wakawa wanakinywa siku ya kwanza, wakipata nafuu wanavificha vilivyobaki chini ya mto. Wadudu walionusurika katika miili ya watu kama hao, hapa na kwengine duniani, ndio waliojifunza kuishi na dawa, mpaka ilipofika mwaka 2001 uchunguzi ukaonyesha kwamba klorokwini inashindwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliofuatiliwa. Hapo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikakata shauri ambalo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinalisitasita, na Septemba 2003 vituo vyake vyote vikaanza kutoa bila malipo dawa ya mseto ya artesuneti na amodiakwini.

Hebu tuitazame kazi iliyofichika ndani ya sentensi hiyo moja. Mseto ni dawa mbili zinazompiga mdudu kwa njia mbili, ili atakayeponyoka katika hii auawe na ile. Yaani mgonjwa akimeza moja na kuiacha nyengine, au akaishia siku ya pili kati ya siku tatu, ameuvunja mseto wenyewe na kuiharibu dawa kwa kijiji kizima. Kwa hiyo ilibidi dawa ya zamani iondoke katika rafu, ile mpya ikadiriwe kwa umri na uzito, ifikishwe Unguja na Pemba pasipo kukatika, na kila mtoa dawa, hata wa kituo cha mwisho kabisa cha Kaskazini, aweze kumweleza mama aliyeizoea klorokwini maisha yake yote kwa nini leo anapewa vidonge vya namna mbili, na kwa nini mwanawe akilegea kwa uchovu siku ya pili asiache. Katika Wilaya ya Kaskazini A, inayopakana na Kaskazini B ilimo Mangapwani, watafiti walikuta kwamba vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vilipungua kwa asilimia 52 baina ya mwaka 2002 na 2005, kabla ya vyandarua vipya na upigaji dawa wa majumbani kuenea kuanzia 2006. Hivyo vilipoongezwa juu ya dawa, malaria ikashuka hadi chini ya asilimia 1 ya watu waliopimwa, na imedhibitiwa karibu na kiwango hicho kwa miaka mingi. Vyandarua vimepigwa picha na mabomba ya dawa ya mbu yamepigwa picha. Mtoa dawa aliyehesabu vidonge na kuyarudia maneno yale yale kwa kila mzazi hakupigwa picha na mtu, ilhali pasipo yeye mseto ungekwenda njia ya klorokwini.

Maadamu tumeona anachoweza kufanya mtu huyu akipewa dawa njema, mafunzo na amri ya kusema, natuangalie sasa anavyokaa katika siku za kawaida zisizo na kampeni.

Chukua mama aliyeandikiwa mwanawe amoksilini ya maji kwa ajili ya kikohozi kilichoshuka kifuani. Anachopewa dirishani si maji. Ni chupa yenye unga mweupe chini yake na mstari mwembamba ubavuni. Nyumbani inampasa achemshe maji, ayaache yapoe kabisa, kwani ya moto yataiharibu dawa. Autikise unga uachane na chupa, atie maji kidogo, atikise, aongeze hadi mstarini, atikise tena. Aiweke mahali pa ubaridi, naye hana jokofu, basi iwe kando ya mtungi au ndani ya bakuli la maji kivulini. Kila anapompa mtoto atikise kwanza, la sivyo siku za mwanzo atampa maji na za mwisho atampa dawa tupu. Apime kwa kikombe cha mililita 5 au kwa bomba lisilo sindano, maana kijiko cha chai cha nyumba hii si sawa na cha nyumba ya pili. Na siku ya saba, au kadiri ilivyoandikwa katika karatasi, ibaki au isibaki, aimwage. Mambo yote hayo huchukua dakika tatu kuyaeleza, na moja zaidi ya kumwambia mama, kwa adabu, ayarudie yeye mwenyewe ili ijulikane ameshika nini. Asipoelezwa atafanya kama akili yake ya kawaida inavyomwongoza: atatia maji ya kisimani, ataijaza chupa mpaka shingoni ili isiishe upesi, na nusu itakayosalia atamwekea mdogo wake, kwa kuwa vitu havitupwi ovyo katika nyumba ya mtu maskini. Hapo mtoto hajapona, daktari ataandika dawa ya ghali zaidi, na lawama atabebeshwa mama.

Jambo la pili linahusu visiwa hivi kuliko nchi nyingi, nalo ni saumu. Sukari na presha zimekuwa maradhi ya kila mtaa, na wengi wanaoumwa ni watu wazima ambao hapana amri ya mwanadamu itakayowafanya wale mchana wa Ramadhani maadamu wanajiona wana nguvu. Mgonjwa wa sukari anayetumia glibenklamidi asubuhi, akiinywa daku kama alivyozoea kuinywa na chai, dawa itaendelea kuishusha sukari mchana kutwa pasipo chakula cha kuikuta, naye baada ya adhuhuri atatoka jasho, atatetemeka, na pengine ataanguka barazani watu wakidhani ni njaa ya kawaida. Mfamasia aliyesoma huijua njia: ile dozi kubwa ya asubuhi huhamishiwa futari, ile ya pili ikawa daku nayo aghalabu ikapunguzwa nusu, kwa kushauriana na daktari, metfomini inayonywewa mara tatu hugawanywa upya, sehemu kubwa futari na ndogo daku, na mgonjwa huambiwa dalili za kumfanya afungulie papo hapo, pamoja na kukumbushwa kwamba sharia yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Nimepata kumsikia binti mmoja wa dawa, kijana bado, akimuuliza bibi aliyekuja na kadi yake siku chache kabla ya mwezi kuandama:

"Bi mkubwa, mwaka huu unafunga?"

"Nafunga, mwanangu, inshallah."

"Basi nipe kadi tena, tukupangie futari na daku."

Maneno machache kama hayo huenda yakamwepusha mtu na kulazwa. Binti yule hakuongozwa na waraka wowote. Alikuwa amefundishwa vyema, na siku ile foleni ilikuwa fupi. Kazi ya Serikali ni kuhakikisha kwamba maneno yale hayategemei urefu wa foleni.

Wala asidhani msomaji kwamba mfamasia ahesabu yaliyoandikwa na daktari peke yake. Darajani, hatua chache kutoka sokoni, huuzwa habasoda, mvuje, shubiri, manemane, sanamaki na mizizi ya majina mengi, na nyumba nyingi za Unguja hutumia hivi pamoja na vya hospitali pasipo kumwambia mtu, kwa kuogopa kuchekwa. Zanzibar ilitunga mwaka 2008 sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na ilifanya uadilifu, kwani elimu hii si upuuzi: mafuta ya karafuu na ya makonyo yanayokamuliwa Pemba yana yujeno, ambayo madaktari wa meno wa dunia nzima huitumia kutuliza maumivu. Ila sanamaki ikitumiwa kila siku huondoa madini ya potasi mwilini, na mzee ambaye tayari anatumia dawa za presha za kumkojoza, akiongeza sanamaki kwa ajili ya choo, moyo wake unaweza kwenda mrama. Nani wa kumuuliza mzee huyu swali hilo kwa upole, pasipo dharau, isipokuwa mtu anayeijua dawa ya Darajani na ya hospitali kwa pamoja? Vyuo vyetu vya famasi vinavyofundisha moja na kuinyamazia nyengine vinawatoa wanafunzi wakiwa wamesoma nusu ya kile wagonjwa wao wanachokimeza.

Huko madukani hali ni nzito zaidi. Sehemu kubwa ya watu katika Afrika Mashariki huanzia dukani kabla ya hospitali, na hapana la ajabu, kwa kuwa duka li karibu, hufungwa usiku sana na halina foleni. Mtu huingia akasema, "Nipe ampisilini za shilingi elfu mbili," akapewa sita katika bahasha ndogo, akaondoka akiwa amenunua siku moja na nusu ya dawa ambayo ingempasa ainywe siku tano au saba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba vijidudu vilivyokwisha kuzoea dawa viliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019, na kwamba kiwango kikubwa kupita chote kilikuwa Afrika ya Magharibi. Vifo kama hivyo huweza kuanzia katika bahasha kama ile, na kuikataza kwa sheria pekee hakukusaidii kitu kama nyuma ya kaunta amesimama kijana asiyesomea lolote, anayelipwa kwa kadiri anavyouza.

Cheti cha mfamasia nacho kimo ndani ya fremu ukutani. Hili ni donda ambalo wenye taaluma hawapendi liguswe, nami naligusa kwa kuwa nawapenda: wako wafamasia, Bara na Visiwani, wanaokodisha majina yao kwa wenye maduka, wakapokea malipo ya mwezi na wasionekane, na Baraza la Famasi la Tanzania Bara limekuwa likiwaonya mara kwa mara. Taaluma inayodai iongezewe madaraka katika matibabu haiwezi kuyadai huku ikiuza kuhudhuria kwake. Dhamana haitolewi kwa wakala.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba wafamasia ni wachache na maduka ni mengi. Ni kweli, na Tanzania Bara ilikwisha kuonyesha njia moja ya kuliendea jambo hilo. Mwaka 2003, huko Songea mkoani Ruvuma, yalianzishwa Maduka ya Dawa Muhimu, ambamo mwenye duka dogo la kijijini hukubali kukaguliwa na kuandikishwa, muuzaji wake hupelekwa mafunzoni na kufundishwa kuuliza, kuandika na kumpeleka mgonjwa hospitalini panapostahili, na kwa fadhila hiyo duka huruhusiwa kuuza dawa muhimu chache ambazo zamani ziliuzwa kwa siri. Mpango ule ukaenea Bara nzima, na nchi jirani zikaja kuusoma. Haukumfanya muuzaji kuwa mfamasia, wala haukudai. Ulimpa elimu inayolingana na kazi yake na ukamweka chini ya jicho la mwenye elimu zaidi. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake na sheria yake ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2006, na Wakala wa Chakula na Dawa wake yenyewe. Haizuiliki kuchukua lililofaa Ruvuma na kulitumia Kaskazini Unguja.

Nigusie ghala kwa ufupi, kwani watu hulisahau. Kuanzia miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, vituo vya Tanzania Bara vililetewa dawa katika makasha yaliyofungwa tayari, kila kituo kasha lile lile, kikiwa na maradhi yale au hakina. Matokeo yakawa dawa hii kuisha wiki ya pili na ile kuoza kwa kupitwa na muda. Leo mtindo uliopo, Bara na Zanzibar, ni kituo kuagiza kulingana na kadiri kilivyotumia, na mtindo huo ni bora mara nyingi, kwa sharti moja: awepo anayejua kuhesabu na kukadiria. Oksitosini, ile sindano inayomzuia mama aliyejifungua asitokwe na damu hadi kufa, hutakiwa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8. Ikipigwa na joto la pwani hii haibadiliki rangi wala harufu. Hubaki kichupa kile kile chenye lebo ile ile, na mkunga hugundua usiku wa manane kwamba haifanyi kazi. Kuitunza oksitosini ni uuguzi wa mama kama ulivyo uuguzi mwengine wowote, na anayeufanya yumo katika chumba cha nyuma, akiandika vipimo vya joto katika daftari asubuhi na jioni.

Mataifa yalikwisha kuyakiri haya. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, zikiwa takriban 200. Mwaka 1985 wataalamu wakakutana Nairobi kuzungumzia matumizi ya dawa yenye busara. Kisha New Delhi mwaka 1988 na Tokyo mwaka 1993 likajadiliwa jukumu la mfamasia mwenyewe, hadi mwaka 1994 Baraza Kuu la Afya Duniani likapitisha azimio la kumtaka ashirikishwe kikamilifu. Mwaka 2017 Shirika hilo hilo likaeleza kwamba katika nchi maskini na za kipato cha kati dawa moja katika kila kumi zilizopimwa ilikuwa hafifu au bandia. Na mwaka 2022 watoto wapatao 70 wa Gambia wakafariki kwa figo kufa, na lawama ikaangukia dawa ya maji ya kikohozi na homa iliyotoka ng'ambo. Ninayataja ya Gambia kwa sababu Serikali imelitenga eneo la Mangapwani kwa bandari kubwa mpya, na bandari inayopokea kila kitu hupokea dawa pia; wakaguzi wa dawa na maabara yao wapangwe tangu sasa pamoja na gati na matangi.

Ninachokiomba kwa Wizara ya Afya kinawezekana. Kila hospitali ya wilaya iwe na chumba cha mazungumzo ya dawa kando ya dirisha, chenye viti viwili na mlango unaofungwa, na humo apitie kila mgonjwa wa sukari, presha, kifua kikuu na pumu, na kila mama mwenye dawa ya mtoto ya kuchanganya. Mfamasia aingie wodini pamoja na daktari wakati wa mzunguko wa asubuhi, kama ifanyikavyo katika hospitali kubwa, na apewe haki iliyoandikwa ya kukirudisha cheti chenye shaka. Hospitali ya Kivunge ihesabiwe kuwa na dhamana ya vituo vinavyoizunguka, mfamasia wake akivitembelea kwa ratiba, na atakayechaguliwa kuvihudumia vituo vya Kaskazini B afanye vivyo hivyo Mangapwani na Bumbwini. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza mwaka 2023, ulipe ushauri wa mfamasia kama unavyolipa vidonge vyake, kwa kuwa kisicholipwa hakifanywi kwa muda mrefu. Na duka litakalokutwa lina cheti bila mwenye cheti lifungwe siku ile ile.

Kwa walimu wa sayansi wa skuli za Mangapwani, Fujoni na Bumbwini nina ombi jengine. Wanafunzi wenu hodari wa kemia na bayolojia mnawaambia wawe madaktari, na wasipopata nafasi hiyo hurudi nyumbani wakidhani mlango umefungwa. Waambieni kwamba stashahada ya famasi hufundishwa Mbweni, katika chuo cha afya ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kwamba shahada yake imekuwa ikifundishwa Muhimbili tangu mwaka 1974. Na muwaambie mapema, wakiwa kidato cha pili, kabla hawajaacha masomo yanayotakiwa.